Hasi Kwanza

Maiti ilikuwa imelala chali kati ya bampa la mbele na meza ya kazi, miguu ikielekea mlangoni. Spana namba kumi ilikuwa sakafuni, inchi chache kutoka mkono wa kulia. Boneti ya gari ilikuwa wazi. Inspekta alisimama kizingitini mwa banda na kulitazama lote, kutoka ukuta hadi ukuta, kabla ya kuinua mguu.

"Shoti, afande," Koplo alisema nyuma yake. "Mkwe wake anasema mzee alikuwa anarudisha betri. Hapa hatuna kazi kubwa."

"Vaa glavu. Saa ngapi sasa hivi?"

"Mbili kamili."

Aliandika: *Jumatano, saa mbili kamili asubuhi.* Akaingia akipita kando ya ukuta, asikanyage katikati.

Marehemu alikuwa na miaka sitini na minane. Kwa miaka thelathini na mmoja aliendesha gari la wagonjwa, na tangu astaafu alikuwa akiishi katika nyumba hii na binti yake na mume wa binti yake. Mtaani walimwita Mzee Hasi. Koplo, aliyekulia mitaa miwili kutoka pale, ndiye aliyeeleza jina lilikotoka.

"Hakuna mtu aliyefungua boneti mbele yake akapona somo," alisema. "Ukitoa betri, unaanza na waya wa hasi. Ukirudisha, hasi unaifunga mwisho. Ukikosea anakufungulia upya, unaanza mwanzo. Mimi mwenyewe alinifungulia mara mbili, na nilikuwa nimevaa sare."

Daktari wa polisi alikuwa amepiga magoti kando ya kichwa cha marehemu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na asubuhi hiyo yalikuwa machache zaidi.

"Amekakamaa mwili mzima," alisema. "Alikufa jana usiku. Saa nne, saa tano, sitapunguza wala kuongeza zaidi ya hapo mpaka nimpeleke mezani. Jeraha ni moja, kisogoni. Linalingana na kona ya hilo jiliwa." Alionyesha kwa kidevu kifaa kizito cha chuma kilichofungwa ukingoni mwa meza. Kona yake moja ilikuwa na damu iliyokauka na nywele mbili tatu nyeupe.

"Na shoti?"

"Mikono ni mizima. Hakuna alama ya kuungua hata kwenye ukucha."

Inspekta aliinama juu ya injini. Betri ilikuwa mahali pake, nyaya zote mbili zimefungwa. Lakini ule ukanda wa chuma unaoikaza betri isitikisike haukuwapo. Aliutafuta akauona juu ya meza, pamoja na nati zake mbili zilizopangwa ndani ya kifuniko cha chupa. Karibu yake kulikuwa na ubao, na juu ya ubao palikuwa na alama ya mstatili isiyo na vumbi, yenye ukubwa wa betri. Ukutani, kwenye misumari, miwani ya kazi ilikuwa imetundikwa, na glavu za mpira kando yake. Kwenye kopo dogo la dawa ya kikohozi mlikuwa na pete ya ndoa.

"Pete yake?" aliuliza.

"Yake," Koplo alijibu. "Haigusi betri akiwa na chuma kidoleni. Mkewe alishafariki, lakini pete haivui kwa jambo lingine lolote."

"Kwa hiyo alivua pete, akatoa betri, akaiweka kwenye ubao, akatundika glavu na miwani. Kazi imekwisha. Halafu akairudisha betri bila glavu, bila miwani, bila ukanda."

Koplo alikuna shavu. "Labda alikuwa na haraka, afande."

"Aliyekufungulia betri mara mbili?"

Koplo alizitazama glavu ukutani.

* * *

Mkwe aliwapokea sebuleni. Alikuwa msimamizi wa ghala la vifaa vya ujenzi, mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, mkono wa kushoto umefungwa bandeji kidoleni. Mkewe, muuguzi, alikaa kwenye kiti cha mbali bado amevaa sare. Alikuwa ametoka zamu ya usiku saa moja na nusu na kukuta gari la polisi langoni. Hakulia. Alishika mkoba wake mapajani kama abiria anayesubiri kuitwa.

"Pole, mama," Inspekta alimwambia. "Pole, baba. Nitauliza machache tu. Mara ya mwisho kumwona mzee?"

"Jana jioni, saa kumi na mbili hivi," mkwe alisema. "Mke wangu alikuwa ameshaondoka. Mzee aliniambia anakwenda bandani kurudisha betri. Mimi kichwa kilikuwa kinaniuma, nikameza vidonge nikalala. Asubuhi saa moja nilikwenda kumwita chai, nikamkuta vile. Nikawapigia."

"Betri ilikuwa imetolewa lini?"

"Jumamosi. Alisema inaisha chaji, akaitoa aichaji."

"Kwa hiyo tangu Jumamosi gari halijatoka."

"Litatokaje bila betri?" Alitabasamu kidogo, akajizuia. "Na kama mnataka kujua, afande, muulizeni fundi betri wa pale kona. Alimuuzia mzee betri mbovu wiki mbili zilizopita. Waligombana, mtaa mzima ulisikia. Kitu kama kile kikilipuka au kikipiga shoti, mwenye kosa si anajulikana?"

"Nitamuuliza. Mkono umepatwa na nini?"

"Sufuria ya chai. Asubuhi hii, kwa ule mshtuko."

Inspekta aliandika *sufuria* akafunga daftari. Muuguzi alikuwa akiutazama mkono wa mumewe. Aliutazama kwa muda, halafu akarudisha macho kwenye mkoba.

* * *

Fundi betri alifika na Koplo, akifuta mikono kwa tambara na kuapa kabla ya kuulizwa. Alikuwa mtu mnene, mwenye jasho, na alipoiona shuka nyeupe bandani aliacha kuapa.

"Tuligombana, afande, sikatai," alisema kwa sauti ya chini. "Betri ilikuwa nzima. Nilipokuwa namfungia, nilianza na hasi. Ndiyo hivyo. Wateja walikuwa wamejaa, nikawa na pupa. Alinisimamisha mbele yao kama mtoto wa darasa la pili. Miaka ishirini nafunga betri. Nikamjibu vibaya." Alikunja tambara. "Juzi nilitaka kuja kumwomba radhi."

"Betri ya gari inaweza kumuua mtu kwa shoti?"

"Hii? Hapana. Ishike vichwa vyote viwili kwa mikono mikavu, husikii kitu. Inaweza kukuunguza ukiigusanisha na chuma. Inaweza kupasuka ikikumwagia tindikali. Ingekuwa imepasuka ungeiona." Aliinama, akaichungulia bila kuigusa. "Nzima. Lakini huyu aliyefunga hapa siyo mzee."

"Umejuaje?"

"Tazama hapo." Karibu na waya wa chanya, kwenye bodi la gari, palikuwa na kidonda kidogo cheusi, rangi imeungua na chuma kimeyeyuka kama tone la nta. "Ameanza na hasi, kama mimi mjinga siku ile. Hasi ikishafungwa, bodi lote la gari ni hasi. Sasa unakwenda kukaza chanya, spana yako ikigusa bodi, moto. Ukianza na chanya, spana iguse inapotaka, hapatokei kitu. Ndiyo maana ya maneno yake yote."

Inspekta aliokota spana kwa kibanio na kuigeuza kwenye mwanga. Upande mmoja ulikuwa umeliwa na moto, alama mpya inayong'aa.

"Koplo. Ufunguo."

Ufunguo ulikuwa kwenye swichi. Inspekta aliketi ukingoni mwa kiti cha dereva na kuuzungusha hatua moja, bila kuwasha injini. Dashibodi ikaamka. Kwenye kidirisha cha kijani tarakimu zilisomeka 3:20.

"Saa tisa na dakika ishirini," Koplo alisema. "Imeharibika."

"Piga picha. Weka saa yako ya mkononi kando yake, zote zionekane."

Koplo alifanya hivyo. Saa yake ilisema mbili na dakika arobaini.

"Haijaharibika," fundi alisema polepole, kama mtu anayehesabu. "Haya magari ukitoa betri saa inasahau kila kitu. Ukirudisha, inaanza upya kwenye sifuri. Hiyo siyo saa tisa, afande. Hiyo ni masaa matatu na dakika ishirini."

Inspekta alisubiri mpaka picha zote zikapigwa, za saa, za vichwa vya betri, za kidonda kwenye bodi, ndipo akamwambia fundi athibitishe. Fundi alivua pete yake akaitia mfukoni. Alizima swichi, akalegeza hasi, akauinua waya na kuufunika kwa kipande cha mpira ili usirudi wenyewe. Akahesabu hadi sitini kwa midomo. Akaurudisha, akakaza. Inspekta akazungusha ufunguo.

0:00.

Walisubiri. Ikawa 0:01.

"Toa masaa matatu na dakika ishirini kwenye saa mbili na dakika arobaini," Inspekta alisema.

Koplo alihesabu kwa vidole, hakuona aibu. "Saa kumi na moja na dakika ishirini. Alfajiri ya leo."

"Na mzee alikufa saa ngapi?"

"Jana usiku." Koplo aliitazama shuka. "Basi betri ilifungwa na mtu mwingine, na mzee akiwa hapo chini."

"Akairuka maiti ili aifikie. Swali ni kwa nini mzee aliitoa." Inspekta alisoma mita ya kilomita. Kwenye mfuko wa mlango aliona daftari dogo lenye jalada la nailoni. Mzee alikuwa ameendelea na tabia ya kazini: kila safari, tarehe, kilomita za kutoka, kilomita za kurudi. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Jumamosi. Kati ya mstari ule na mita palikuwa na tofauti ya kilomita thelathini na tatu.

"Gari ambalo halijatoka tangu Jumamosi," alisema.

Akashuka, akazunguka mbele. Gari lote lilikuwa na vumbi la siku kadhaa, isipokuwa kona ya mbele kushoto. Hapo palikuwa pameoshwa mpaka pakang'aa. Kioo cha taa kilikuwa na pengo la ukubwa wa kiganja, na ukingo wa bampa ulikuwa umesogea ndani. Alichuchumaa. Katika mfereji kati ya taa na bodi, ambako tambara halikufika, mlikuwa na nyuzi za kitambaa cha manjano.

"Koplo, taarifa ya jana saa tisa alasiri. Ile ya kivuko cha shule."

"Mwanamke wa makamo," Koplo alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Aligongwa, gari likakimbia. Alikuwa amevaa gauni la manjano. Tuliokota vipande vya kioo, viko kituoni kwenye bahasha."

"Vilete."

Vililetwa baada ya nusu saa. Kipande kikubwa kuliko vyote kiliingia kwenye pengo la taa bila kusukumwa.

Daktari alikuwa akivua glavu. Alimvuta Inspekta pembeni. "Kuna jambo utalitaka. Kisogo kimevimba sana. Maiti haivimbi. Alianguka jioni, saa moja au karibu na hapo, na aliendelea kupumua. Masaa matatu. Pengine manne."

* * *

Safari hii Inspekta hakukaa. Alimwomba daktari aingie naye.

"Nifungulie bandeji," alisema.

"Nimeshasema ni sufuria."

"Daktari atatazama tu."

Mkwe alimtazama mkewe. Muuguzi alikuwa akiitazama bandeji. Daktari aliizungusha bandeji taratibu, mzunguko kwa mzunguko, mpaka kidole kikabaki wazi. Kidole cha pete kilikuwa na kidonda chembamba, chenye malengelenge, kilichokizunguka pande zote bila kukatika, kama kilichochorwa kwa kalamu. Pete haikuwapo.

"Sufuria huunguza upande mmoja," Inspekta alisema. "Hii ilitoka ndani ya pete. Pete iligusa spana na bodi kwa pamoja, spana ikiwa kwenye chanya. Leo, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Ulianza na hasi."

Mkwe alikitazama kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Gari lilitoka jana," Inspekta aliendelea. "Kilomita thelathini na tatu. Kioo cha taa kiko kituoni kwetu. Ulirudi, mzee akaiona taa, akatoa betri ili gari lisiondoke. Kuanzia hapo nieleze wewe."

Alipoanza kuzungumza, alizungumza na meza.

"Nilikuwa natazama simu. Sekunde moja. Nilimwona akiwa ameshakuwa juu ya boneti." Alipumua. "Mzee hakunifokea. Angenifokea ingekuwa afadhali. Alivua pete akaanza kufungua betri, na huku ananiambia nikaoge, nivae shati safi, twende kituoni pamoja. Alisema atakaa na mimi mpaka mwisho. Nikamwambia tufikiri kwanza. Akasema mwanamke yule naye alikuwa anafikiri, akivuka barabara. Nikaishika betri pale kwenye ubao, yeye akaweka mkono juu yake. Nikamsukuma. Nilimsukuma tu, afande."

"Halafu?"

"Akagonga pale. Nikamwita. Nilidhani amekufa."

"Ulidhani?"

Mkwe aligeuza uso kuelekea bandani.

"Daktari anasema alipumua masaa matatu, pengine manne. Pumzi ya mtu aliyeumia hivyo haina siri, inasikika."

"Alikuwa anakoroma," mkwe alisema. "Nilikaa hapa, nikamsikia anakoroma. Nikasema atazinduka, na akizinduka tutaongea. Kisha nikasema akizinduka ataniripoti. Nilikaa hivyo. Baadaye sikusikia tena." Alifunika kidole kwa mkono mwingine. "Alfajiri nikaona nikirudisha betri mtasema ni ajali ya betri. Kila mtu anamjua na betri zake."

Koplo alimsomea haki zake, kisha akamfunga pingu kwa mbele, kwa ajili ya kidonda. Alipokuwa akimtoa, mkwe alisimama mbele ya mkewe akitaka kusema jambo. Muuguzi aliondoa miguu yake njiani ili apite.

Mlango ulipofungwa, Inspekta aliketi kwenye kiti cha jirani. Kulikuwa na maelezo ya kuandikwa, na hakutaka kumpeleka kituoni akiwa na sare ya jana.

"Jana saa kumi na mbili kasoro aliniaga hapo mlangoni," muuguzi alisema. "Baba. Aliniambia nifunge zipu ya koti." Alimgeukia Inspekta. "Masaa matatu?"

"Matatu, au manne."

"Kutoka hapa hadi wodini kwangu ni dakika kumi na mbili. Ukipitia barabara ya nyuma, tisa. Baba alinipimia mwenyewe nilipoajiriwa, kwa saa ya mkononi." Aliufungua mkoba, akaufunga. "Simu yangu ilikuwa mfukoni usiku kucha. Mume wangu alikuwa akiitazama meza hii, simu yake hapa, na mimi niko dakika kumi na mbili."

Inspekta alilishika daftari bila kuandika.

"Yule mama wa gauni la manjano yuko kwangu," muuguzi alisema. "Kitanda cha pili kutoka dirishani. Nyonga na mbavu. Hakuwa na simu wala kitambulisho, tumemwandika hajulikani. Alfajiri alifumbua macho akaniomba maji. Nikampa kwa kijiko. Akanishika mkono, hakuuachia mpaka nilipobadilisha zamu. Saa ile ile mume wangu alikuwa bandani na spana."

"Jamaa zake wamepatikana asubuhi hii," Inspekta alisema. "Dada yake anakuja na gari la saa nane."

"Ameshaambiwa kwamba yuko hai?"

"Ameambiwa."

Muuguzi alitikisa kichwa kukubali. Alisimama, akaenda dirishani. Nje, wabebaji walikuwa wakitoa machela bandani, na fundi betri, ambaye hakuna aliyemwambia aondoke, alikuwa ameshika mlango wa gari la maiti ili upepo usiufunge. Muuguzi aliwatazama mpaka gari lilipotoka langoni.

"Nitakuja kuandika maelezo saa sita," alisema. "Mniandikie yote kwa mara moja, nisirudi tena. Jioni nina zamu."

"Wodini wataelewa usipokwenda."

"Najua wataelewa." Alivua koti la sare, akalikunja vizuri juu ya mkono wake. "Lakini yule mama anatakiwa ageuzwe kila baada ya masaa mawili, na anaogopa kuguswa na mtu asiyemzoea. Na dada yake atakapofika, atauliza ni nani aliyemgonga. Nataka aniulize mimi."